Ubaridi wa Katikati

Jikoni mwa hospitali ile walimwita Mvuke, na jina lilimkaa kama kilemba kilichofungwa vizuri. Alilipata kwa kazi. Hakuna trei iliyotoka mlangoni bila yeye kuinua kifuniko, kuinamisha uso na kungoja mvuke umpige kwenye paji. Ukimpiga, husema, "Haya, twende kazi." Usipompiga, trei hurudi ndani ya maikrowevu. Wenzake walimtania kwamba siku akifa watamzika na kifuniko cha sufuria usoni. Naye alicheka nao, maana alijua uso wake ni kipimo kinachoaminika kuliko saa ya ukutani.

Siku hizo kipimo hicho kilikuwa na jukumu zito. Chumba namba sita, ghorofa ya pili, alilazwa mdogo wake, kitindamimba wa marehemu mama yao, ambaye hata sasa akiwa na miaka ishirini na mitatu dada yake alimwita Kitinda. Alikuwa na saratani ya damu. Dawa waliyompa kuua damu mbovu iliua na nzuri pia, ikamwacha mweupe midomoni, kichwa kitupu kama kibuyu. Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda akawaeleza wote wawili, kwa upole, bila kupindisha maneno.

"Wiki hizi mbili mwili wake hauna askari. Kijidudu ambacho kwangu na kwako ni mpita njia tu, kwake kinaweza kuwa mwisho. Maji yachemshwe. Matunda yamenywe. Na chakula chochote kiwe moto, tena moto hadi ndani."

"Hadi ndani," Mvuke alirudia, kama mtu anayeapishwa.

Tangu siku ile trei ya chumba namba sita haikuguswa na mkono mwingine. Aliipasha yeye, akaifunika yeye, akaipandisha ngazi yeye mwenyewe, huku wengine wakisukuma toroli lenye trei za wodi nzima.

Sasa, jiko lile lilikuwa na utaratibu wake. Leo hupikwa cha kesho. Chakula kikiiva hupozwa, hugawanywa kwenye trei za plastiki, hulala kwenye friji kubwa, na kesho yake mchana hupashwa. Taabu ilianza kabla Kitinda hajalazwa, zilipoletwa trei mpya, ndefu, zenye pembe. Ndani ya maikrowevu ile sahani ya kioo inayozunguka ilikuwa ikizunguka nusu, pembe ya trei inagonga ukuta, sahani inakwama, mashine inanguruma kama paka aliyekwamwa na mfupa. Foleni inakua. Simu inalia kutoka wodini: wagonjwa wana njaa.

Mvuke ndiye aliyepata dawa. Siku moja, kwa hasira, aliing'oa ile sahani ya kioo pamoja na kigurudumu chake, akavisukumia kabatini, na kuweka trei mbili bega kwa bega kwenye sakafu ya maikrowevu. Zikaenea sawasawa kama zilipimwa. Tangu hapo chakula cha mchana kilitoka nusu saa kabla ya wakati. Msimamizi wa jiko, mwanamke mrefu waliyemwita Jemadari kwa jinsi alivyotembea, alimpigia makofi mbele ya wote. "Mwacheni aitwe Mvuke," alisema. "Kichwa chake kinachemka kweli."

Mwezi ukapita hivyo.

Siku yenyewe kulikuwa na kuku wa mchuzi mzito na viazi. Friji ilikuwa imezidisha ukali usiku ule, na trei zilitoka zimeganda kidogo, mchuzi una ganda la barafu katikati. Mvuke aliongeza dakika moja. Alipoinua kifuniko cha trei ya Kitinda, mvuke ulimpiga hadi akafumba macho. Ukingoni mchuzi ulikuwa ukitokota. "Haya," alisema moyoni, "huyu ana moto wa kutosha." Akaipandisha, akaipokeza kwa muuguzi mlangoni, akarudi jikoni kuosha masufuria.

Saa nane mchana alikuja fundi. Alikuwa mzee mwenye tumbo la kutangulia na mkoba wa ngozi, aliyeitwa kwa sababu feni ya maikrowevu ilikuwa ikikoroma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Wagonjwa wako juu. Huyu hapa ana mafua tu, anakoroma."

Fundi akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akafungua mlango wa mashine, akaingiza mkono, akapapasa sakafu yake. Kicheko kikakatika.

"Sahani yake iko wapi?"

"Kabatini. Ilikuwa inatubania nafasi."

"Tangu lini?"

"Mwezi hivi."

"Alaa!" Akapiga mbinja ndefu. "Mmemkata miguu, halafu mnataka acheze ngoma."

Mvuke hakupenda mzaha huo. "Mzee, inapasha. Tena vizuri kuliko zamani. Mvuke unatoka kama treni."

"Una siagi?"

"Ya nini?"

"Nipe siagi, nikuonyeshe mvuke wako."

Akakata kipande cha boksi, ukubwa wa trei, akakipaka siagi utandu mwembamba, sawasawa, kama mtu anayepaka mkate wa harusi. Akakiweka kwenye sakafu ya maikrowevu, palepale ambapo trei hukaa, akabonyeza sekunde ishirini. Alipokitoa, Mvuke alidhani kimeharibika. Siagi ilikuwa imeyeyuka kwa mabaka. Hapa kijidimbwi, kando yake, umbali wa vidole vitatu tu, siagi kavu yenye mistari ya kisu. Halafu dimbwi tena. Halafu kavu. Na pale katikati, kavu tupu, pana kama kiganja.

"Mbona hivi?" aliuliza.

Fundi akaisogelea friji. Alitoa waya mrefu mkobani, akafunga ncha moja kwenye mpini wa friji, akashika nyingine akaanza kuutikisa. Waya ukajipinda, ukatulia katika umbo la ajabu: sehemu nyingine zinaruka juu na chini kwa nguvu, na kati yake kuna vidoa ambavyo havitikisiki kabisa.

"Tazama. Mawimbi ya hii mashine yanatoka upande huu, yanagonga ukuta, yanarudi, yanakutana na ndugu zao wanaokuja. Yakikutana yakaafikiana, nguvu inakuwa maradufu: hapo siagi imeyeyuka. Yakikutana yakapingana, yanauana: hapo hakuna kitu. Na kuta hazihami, kwa hiyo mahali pa moto ni palepale na mahali pa baridi ni palepale. Ile sahani mliyoitupa kabatini kazi yake ni kukizungusha chakula, ili kila tonge lipite penye moto. Ninyi chakula chenu kimekaa kama sanamu."

"Lakini mvuke..."

"Mvuke ni wa pembeni, mwanangu! Pembeni pakitokota patakuosha uso hata kama katikati kuna theluji. Tena mawimbi yenyewe hayafiki mbali. Yakiingia kwenye chakula upana wa vidole viwili yamechoka. Ndani huko moto hupokezanwa polepole, tonge kwa tonge, ndiyo maana watu huambiwa wakoroge, wangoje. Na chakula kikiwa na barafu ndiyo msiba kabisa. Maji yanacheza na mawimbi, barafu haichezi, imejishika. Panapoyeyuka panazidi kupata, palipoganda panazidi kukosa. Ni kama dunia tu."

Alicheka tena mzaha wake. Lakini Mvuke hakuwa akimsikia. Alikuwa akilitazama lile baka kavu la katikati, pana kama kiganja. Akaiona trei yenye sehemu tatu: viazi kushoto, mboga kulia, na kuku katikati. Siku zote kuku katikati. Jasho jembamba likamtoka mgongoni. Akaweka kitambaa mezani taratibu, akatoka, na alipofika kwenye ngazi akaanza kukimbia.

Mlangoni mwa chumba namba sita kulikuwa na sheria, na hofu haikumfanya azivunje. Nawa mikono, sugua vidole, hesabu hadi ishirini. Vaa barakoa. Vaa joho. Kila kitu kilichukua muda, na kamba za barakoa zilimponyoka mara mbili. Kupitia kioo alimwona Kitinda amekaa kitandani, trei iko kwenye meza ya magurudumu mbele yake.

"Dada!" Kitinda alisema alipoingia. "Leo umeniua."

Mvuke alishika nguzo ya kitanda.

"Umenichoma ulimi. Tazama." Akatoa ulimi mwekundu. "Nimeanza pembeni kama mtu mwenye adabu, kumbe pembeni lami inachemka! Nikasema, basi, nihamie katikati. Katikati kulikuwa na ubaridi mzuri, nikala pote."

Trei ilisema vivyo hivyo. Ukingo mzima ulikuwa na mchuzi uliokaukia, haujaguswa. Pale pa kuku palikuwa peupe, pamefutwa kwa kijiko, mfupa mmoja umelazwa juu yake, umegugunwa hadi ukang'aa. Kwa siku kumi Kitinda hakuwa amemaliza chakula. Leo amemaliza.

"Mbona unanitazama hivyo? Si ulisema nile?"

"Nilisema," Mvuke alijibu. Akachukua trei, akatoka nayo kabla sauti haijamsaliti.

Kwenye korido alikutana na Jemadari, anahema, ufunguo wa stoo bado mkononi. Fundi alikuwa amemwonyesha boksi la siagi.

"Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Basi usimwambie." Jemadari akamvuta kando, karibu na dirisha. "Nisikilize, mwanamke mwenzangu. Kuku yule aliiva jana, mimi mwenyewe nimemwonja. Mwezi mzima tumelisha wodi hii, nani ameumwa tumbo? Ukifungua mdomo wanafunga jiko leo hii. Watauliza nani alitoa sahani. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Na nani alipiga makofi?" Sauti yake ikashuka. "Ni mimi. Tumefungwa kamba moja. Tukae kimya siku mbili tatu, mtoto akiwa mzima, na atakuwa mzima, tunairudisha sahani, yamekwisha."

Maneno yale yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomtisha Mvuke. Yalimwingia kama maji kwenye mchanga. Aliona siku mbili tatu zikipita, Kitinda anacheka, hakuna aliyejua. Halafu akaona upande wa pili: Kitinda anaanza kutetemeka alfajiri, wauguzi wanadhani ni baridi, wanamwongeza blanketi. Wanaongeza la pili. Na yeye anajua, amesimama pale anajua, ameubana mdomo.

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema.

"Usiniletee methali hapa!"

"Basi nakuletea miguu yangu." Akampita, na kila hatua kuelekea kwenye dawati la wauguzi ilikuwa kama kutembea juu ya misumari.

Alisema yote. Alisema sahani, alisema kabati, alisema barafu, alisema ni wazo lake. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyeficha kalamu kwenye nywele, hakumkemea wala hakumfariji. Aliuliza trei ngapi zimetoka, wodi zipi, saa ngapi, akaandika, kisha akainua simu. Nusu saa baadaye daktari alikuwa amesimama mbele ya Mvuke na karatasi mkononi.

"Saa sita na nusu alikula, sivyo? Sasa ni saa tisa kasoro. Sikiliza. Huenda lisitokee lolote. Huenda likatokea jambo hata bila kuku wako, maana mgonjwa kama huyu anabeba vijidudu tumboni mwake mwenyewe. Tutampima joto kila saa. Dawa ya mshipani naiweka chumbani, tayari, kando ya kitanda. Joto likigusa thelathini na nane hatungoji majibu ya maabara, hatungoji hata mimi nipande ngazi. Umefanya vizuri kusema."

"Daktari, atakufa?"

"Sijui," alisema, na Mvuke akatamani angemdanganya.

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Alirudi ndani, akakaa, akamweleza kuanzia sahani ya kioo hadi baka la siagi. Kitinda alisikiliza akichezea pindo la shuka.

"Kwa hiyo niliposema umeniua," alisema mwishowe, "sikuwa natania."

Akageuza uso ukutani.

Saa kumi, thelathini na sita nukta nane. Saa kumi na moja, vilevile. Saa moja jioni, thelathini na saba kamili, na Mvuke akaihesabu hiyo nukta mbili kwa vidole, mara tatu. Jikoni walikuwa wamemsimamisha kazi, na barua ya maelezo ilikuwa imeandikwa; chini ya jina lake, bila kuulizwa, Jemadari alikuwa ameweka sahihi yake. Mvuke aliisoma kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine. Macho yake yalikuwa kwenye kipimajoto.

Asubuhi ya pili Kitinda aliamka akidai chai, na kila mtu akapumua. Saa tatu akasema anasikia baridi. Muuguzi hakumpa blanketi. Aliingiza kipimajoto, akangoja, akakisoma: thelathini na nane nukta tatu. Mvuke, nje ya kioo, aliona macho ya muuguzi yakipanuka juu ya barakoa kabla ya namba kutajwa. Kitanda kikaanza kugongagonga ukuta kwa jinsi mgonjwa alivyotetemeka. Meno yake yalisikika hadi koridoni, tak-tak-tak, kama mtu anayepiga chapa. Watu wakaingia. Pazia likavutwa.

Yale yaliyofuata Mvuke hakuyaona, aliyasikia. Alisikia mtu akisema shinikizo la damu linashuka. Alisikia kifuniko cha chupa kikidondoka sakafuni na kubingirika. Alisikia jina la mdogo wake likiitwa, jina lake kamili la kwenye cheti, ambalo nyumbani halikutumika, na hakusikia jibu. Akakaa chini palepale alipokuwa, mgongo ukutani, akauma kanga yake ili asipige kelele. Siku hiyo hakuomba lolote kubwa. Aliomba tu asikie meno yale tena.

Jioni joto lilishuka. Likapanda. Likashuka tena. Siku ya nne asubuhi daktari alimwita kando, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Damu yake ilikuwa na kijidudu. Sasa dawa imekizidi nguvu."

"Cha kuku?"

"Kinaweza kuwa cha kuku. Kinaweza kuwa cha tumboni mwake. Sijui, na nadhani hutajua kamwe. Ninachojua ni kwamba dawa iliingia mshipani dakika kumi na mbili tangu joto lipande, kwa sababu ilikuwa mezani. Kwa watu kama yeye, saa moja ni nyingi."

Mvuke aliitikia kwa kichwa. Hakuhisi furaha. Alihisi kama mtu aliyevuka barabara akasikia upepo wa lori mgongoni.

Siku ya sita Kitinda alisema anataka uji. Muuguzi akataka kupiga simu jikoni, ambako sasa sahani ilikuwa inazunguka na trei fupi zimeletwa.

"Sitaki wa jikoni," Kitinda alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Mwambieni dada anipashie."

Muuguzi akakunja uso. "Huyo huyo?"

"Huyo huyo. Hospitali nzima hii hakuna anayeogopa kuliko yeye. Mnipe anayeogopa."

Kwa hiyo Mvuke alisimama kwenye kijistoo cha wodi, mkabala na kioo cha chumba namba sita, mbele ya maikrowevu ndogo, na bakuli la uji uliopikwa asubuhi. Alipasha dakika moja, akatoa, akakoroga. Akapasha tena. Akakoroga, akangoja dakika mbili nzima akihesabu kwa sauti. Mvuke ulipanda, naye akageuza uso pembeni. Muuguzi alimwazima kipimajoto cha sindano. Akakichoma kushoto, akakichoma kulia, akakichoma katikati, akakisukuma hadi chini. Themanini. Themanini na moja. Sabini na tisa. Themanini. Akakoroga tena. Akachoma upya. Halafu akakaa na bakuli hadi uji upoe kiasi cha kulika, amelifunika kwa sahani na kuliwekea mkono juu kama anamlinda kifaranga.

Mlangoni akasimama na bakuli.

"Leta basi," Kitinda alisema kutoka kitandani. "Njaa inaniuma."

"Ngoja nipime tena."

"Umepima mara mbili, nimekuona kwenye kioo. Unaupima uji au unautahiri?"

Muuguzi akacheka kwa pua. Mvuke hakuweza.

"Unaogopa, dada?"

"Naogopa."

"Hata mimi." Kitinda akajisogeza, akapiga godoro kidogo kwa kiganja. "Kaa hapa."

Akakaa. Kitinda akafungua mdomo, na ulimi ulikuwa bado na alama nyeupe ya kuungua. Kijiko cha kwanza kiligonga meno kwa jinsi mkono ulivyotikisika. Kitinda akaushika mkono ule, akauongoza mwenyewe, akameza, akangoja, akafungua mdomo tena.

Alipomaliza bakuli akalala. Mvuke aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Akavuta kiti karibu na kitanda, akaweka kiganja kwenye paji la mdogo wake, na kuanza kuhesabu saa upya.